Mawe Mawili Nyuma ya Mwanyumba

Jumatatu, 12 Agosti

Tumefika. Basi limetuacha njia panda, kisha saa nzima kwa miguu, mimi na mke wangu na sanduku lililobakiwa na gurudumu moja. Chemchemi za maji moto! Kibao kinasema ni mahali pa mapumziko. Nilichoona ni vibanda kumi na viwili vya mawe, mabati yenye kutu, taa za mafuta, na mvuke unaonuka mayai viza. Simu hazishiki. Mke wangu akavuta pumzi, akasema pazuri.  Sikuja kupumzika.

Nimekuja kwa ajili ya duka. Niandike wazi, maana daftari hili ni la macho yangu tu. Mama mkwe anaacha kazi. Magoti yamemshinda. Duka lake la kushonea sare za shule, cherehani nane, meza ya kukatia ndefu kama kitanda cha watu watatu, wateja wa miaka thelathini. Lazima lipate mtu. Kasema atamtaja Jumapili, hapahapa, kabla hatujaondoka. Miaka kumi na moja nimekata vitambaa kwenye meza ile. Nikilikosa, nitamkatia mtu mwingine mpaka mkasi unidondoke.

Na huyo mtu mwingine namjua. Mwanyumba wangu. Yeye kaoa dada mkubwa, mimi nimeoa mdogo. Kazi yake ni kutengeneza mizani za sokoni, kwa hiyo tunamwita Mizani, na mwenyewe anaitika. Mcheshi. Anapenda watu wote. Mtu anayependa watu wote ana lake jambo. Kamleta mama mkwe kwa gari tangu Jumamosi, mkewe kabaki nyumbani! Siku mbili nzima, yeye na sikio la mkwe, hakuna shahidi. Nilipomuuliza mbona waliwahi, akacheka, akasema magoti ya mama hayasubiri basi. Jibu lilikuja haraka mno. Lilikuwa limeandaliwa.

Mhudumu wa maji ni bwana mwembamba mwenye filimbi shingoni. Jina lake sikulishika. Kwangu ni Filimbi. Akawaita wageni wapya wakapewe maelezo ya kuoga. Mke wangu akaenda. Mimi nikasingizia tumbo. Maelezo ya kuoga! Nimeoga tangu nizaliwe. Muda huo nikautumia kuchunguza chumba cha Mizani. Hapa kila mtu ana chumba chake, hata waliooana, kwa sababu vitanda ni vyembamba kama mbao za kupigia pasi. Dirisha la Mizani linatazamana na mlango wa mama mkwe. Nimelitia maanani.

Jioni nikaoga bwawa la chini kabisa. Vuguvugu. Nilipotoka kula nikakuta jiwe jeupe, dogo kama kitunguu, mbele ya mlango wangu. Nikadhani ni la kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Jumanne, 13 Agosti

Si la mlango!

Asubuhi nimepita barazani nikijifanya nanyoosha mgongo. Kila mlango una mawe. Mimi moja. Mke wangu moja. Mizani matatu! Na ndoo ya mawe yenyewe iko wapi? Mlangoni kwa mama mkwe. Ningeweza kuishia hapo, lakini mimi si mtu wa kuishia hapo. Jioni nikajibanza nyuma ya pazia. Nikamwona kwa macho yangu. Mama mkwe, bakora mkono mmoja, ndoo mkono wa pili, mlango hadi mlango. Anainama, anaguna, anaweka jiwe, anasonga. Anatupa maksi! Wiki nzima hii ni mtihani, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuoga kama mtalii.

Hata majini tumepangwa. Mabwawa ni manne, yamepanda kilima kama ngazi. La juu kabisa, pale maji yanapotoka mwambani, wanaliita Chungu. Wanaume tunaoga asubuhi, wanawake alasiri. Filimbi anapita mlango kwa mlango, anatazama mawe ya mtu, anapuliza, anaonyesha kwa fimbo: chini, kati, juu, Chungu. Mimi: chini, pamoja na mstaafu wa posta anayelala majini mdomo wazi. Mizani: kati. Akanipungia mkono kutoka huko aliko. Akapaza sauti kwamba nisiwe na haraka, mwanyumba, nitafika tu.

Nitafika tu! Mbele ya watu!

Nimewaza kumuuliza mke wangu habari za mawe. Nimeghairi. Ni mtoto wa mama yake. Nikiuliza, watajua kwamba nimejua, na wakijua kwamba nimejua, watabadilisha utaratibu.

Hesabu ya leo jioni: mimi mawili, Mizani manne.

Jumatano, 14 Agosti

Siku ya kujipendekeza. Niliamka kabla ya watu. Nikamfagilia mama mkwe baraza. Nikamsifu kilemba. Nikamwambia maji yamemrudisha usichana, akaniuliza kama nina homa. Jioni nikataka kumbebea ndoo ya mawe. Akanikatalia kabisa. Akasema eti Filimbi ndiye aliyempa kazi hiyo, kwamba kule kuinama na kuinuka ndiyo dawa ya magoti, na kila akibebewa dawa inapungua. Kisingizio kizuri sana. Nilikipenda kama fundi anavyopenda mshono wa fundi mwenzake.

Mizani kafanya nini leo? Niorodheshe. Kachelewa kuamka. Kaja kwenye kifungua kinywa kavaa shati nje ndani. Kammwagia mama mkwe chai mapajani! Kisha badala ya kupiga magoti akasema, mama, angalau goti moja limepata maji moto bila kupanda kilima. Na mama mkwe akacheka mpaka akavua miwani! Akamwambia we mtoto utaniua. We mtoto! Mimi miaka kumi na moja ananiita "baba" kwa sauti ya mtu anayepokea barua ya serikali.

Nikasema leo lazima apunguziwe. Nikasubiri jioni nyuma ya pazia.

Kutaka kubeba, kufagia na kusifu: jiwe moja. Kumwaga chai: jiwe moja. Mke wangu, aliyelala asubuhi nzima: jiwe moja. Mstaafu wa posta, ambaye mama mkwe hata hamjui: jiwe moja. Huyo wa posta nimemfikiria sana. Nadhani amewekwa ili mambo yaonekane ya kawaida.

Mimi matatu, Mizani matano. Nikikimbia, mawili nyuma. Nikitambaa, mawili nyuma. Hili halitokei lenyewe. Kuna mkono.

Alhamisi, 15 Agosti

Leo Filimbi kanipandisha: kati. Sikufurahi hata dakika moja, kwa sababu wakati huohuo Mizani kapelekwa juu. Alitoka huko mwekundu machoni, anahema, anasema maji yale si ya binadamu. Akataka nimwonee huruma. Nilimwonea kijicho.

Nikaamua. Si wizi. Ni marekebisho. Yeye mwenyewe fundi mizani, anajua upande ukizidi mtu hupunguza.

Alasiri wanawake wakaenda majini. Mizani kalala, mkoromo unasikika mpaka jikoni. Nikatembea barazani pole pole, mikono nyuma. Nikainama mlangoni kwake. Papo hapo akatokea Filimbi na kapu la taulo, akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia nafunga kamba za viatu. Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa ndala. Akatafakari kidogo, akaenda zake. Mtu wa maana, hana udadisi.

Nilichukua matatu. Mfukoni yalivuta suruali ikashuka hadi nyonga, nikarudi chumbani nikitembea kama bata. Nikayapanga vizuri mlangoni kwangu, na vumbi nikayapaka, yaonekane ya zamani. Mimi sita, Mizani mawili.

Jioni mama mkwe akapita. Kwa Mizani akaweka la tatu bila kutazama, huyo akaendelea. Kwangu akaweka la saba, akasimama. Akasema peke yake, heh, huyu naye hachoki!

Hachoki! Nimelia kidogo. Hatimaye mtu ameona.

Mke wangu akagonga ukuta kuuliza nalia nini peke yangu. Nikamwambia ni kikohozi.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi. Nitaandika kwa kifupi. Hapana, nitaandika yote, ushahidi usipotee.

Asubuhi Filimbi alifika mlangoni kwangu, akahesabu. Akahesabu tena kwa kugusa. Akavua kofia. Akauliza hivi mimi si nilikuja Jumatatu? Nikamjibu mtu hapimwi kwa siku, anapimwa kwa juhudi. Akajikuna shingo. Akasema basi sawa, yeye na kalenda hawajuani, yeye anajuana na mawe, na saba ni saba. Akapuliza filimbi mara tatu. Kumbe ndivyo wanavyofanya mtu akifikisha saba: wageni wote wanatoka kupiga makofi! Mstaafu wa posta alipiga. Mke wangu alitoka na mswaki mdomoni, akanitazama, akatazama mawe, akatoa mswaki ili aseme neno. Sikumngoja. Mama mkwe alikuwa barazani, anapiga makofi. Kwangu mimi! Nikapanda kilima nimejifunga shuka, kifua mbele.

Nikapita karibu na Mizani. Alikuwa kaambiwa kati, baada ya jana kuwa juu. Nilitegemea machozi. Alikuwa anarukaruka! Anamshika Filimbi mkono, anamshukuru, anasema usiku kucha aliogopa kurudishwa kule kwenye moto. Nikasema moyoni, anaigiza.

Chungu ni shimo la mwamba, upana wa meza ya kukatia. Maji yanatokota kwa siri. Juu yametulia kabisa. Filimbi akasema nitakaa hesabu ya mia, kwa kuwa mwili wangu umeshazoea. Sikumwelewa. Nikaingiza mguu wa kwanza. Wa pili ukakataa, nikaulazimisha. Nikakaa.

Mama yangu mzazi!

Nilitaka kutoka pale pale. Lakini kutoka juu pale baraza lote linaonekana, na mama mkwe alikuwa ananitazama, mkono juu ya macho. Nikajua hili ndilo swali la mwisho la mtihani. Nikatabasamu. Filimbi anahesabu kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Kumi. Masikio yakaanza kulia. Ishirini na tano. Niliwaona marehemu wawili wa ukoo wetu, wakanipungia. Thelathini na nane, mpishi akamwita Filimbi kutoka chini, anauliza taulo ngapi zimekauka. Akamjibu kwa kirefu. Kisha akanigeukia, akauliza tulifika ngapi vile? Nikashindwa kutamka. Akasema basi tuanzie ishirini, tuwe na uhakika.

Nikatoka. Shuka ilibaki majini. Mimi sikubaki.

Sikumbuki kilima. Nakumbuka kamba ya nguo. Nikavuta nguo ya kwanza iliyokuja mkononi, nikajisitiri nayo. Kilikuwa kilemba cha mama mkwe. Kile nilichokisifu. Na mwenyewe yuko hatua tano mbele yangu. Aligeukia ukuta kwa wepesi ambao magoti yale hayajauonyesha miaka sita.

Mke wangu akanifunika kwa blanketi, akaniingiza chumbani. Ndipo akanipa somo, maneno yakimtoka kwa kupokezana na kicheko. Kwamba mtu akioga siku moja, jiwe moja. Akioga siku mbili, mawili. Daftari haliwezekani hapa, mvuke unalowanisha karatasi, ndiyo maana wanahesabu kwa mawe, ili Filimbi ajue mwili wa nani umezoea maji gani. Kwamba Mizani alinizidi mawili kwa sababu alinizidi siku mbili. Kwamba haya yote walielezwa Jumatatu. Akaniuliza siku ile mimi nilikuwa wapi.

 Maelezo yamekaa sawasawa mno. Kila kitu kinaingia mahali pake. Mambo ya kweli hayawi hivyo.

Jumamosi, 17 Agosti

Kifudifudi bado.

Asubuhi Mizani kaja na mafuta ya kupaka. Akanipaka mgongo mzima pole pole, akisema pole mwanyumba, pole sana, na asante, maana jana ndiyo siku pekee aliyofurahia maji. Anajua niliyachukua mawe! Wala hajakasirika! Nimeyanusa mafuta yale mara nyingi. Yananuka mafuta tu. Nimebaki macho.

Alasiri mama mkwe kaja. Hakuingia. Baada ya jana hawezi, wala mimi nisingeweza. Akaweka kiti nje, tukaongea kupitia pazia, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

Akauliza mawe niliyahamisha mimi? Nikasema huenda upepo. Akasema upepo wa huku una mikono basi.  Kisha akauliza niliyataka ya nini. Sijui kilichonipata, labda homa. Nikamwambia. Nikamwambia duka, na maksi, na Mizani, na miaka kumi na moja.

 Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba miaka hiyo yote nimekata nguo zake, mikato mizuri tu, hajawahi kukataa, lakini siku moja sijawahi kumuuliza neno. Wala sura ya kola, wala hali yake, wala duka litakwenda wapi. Kuchungulia tu. Akasema anasikia pumzi zangu nyuma ya pazia la stoo kila akiongea na mteja, na mwanzo alidhani ni paka. Akasema, baba, ungeniuliza Jumatatu ningekwambia Jumatatu.

Sauti yake ilikuwa kama inatetemeka. 

Maneno ya mtego. 

Jumapili, 18 Agosti

Kamtaja.

Tulikuwa mezani. Mimi nilisimama, kukaa bado. Mama mkwe akasema duka analo mke wangu. Kwamba ndiye anayepanga kazi tangu magoti yalipoanza, ndiye anayejibu shule, ndiye anayezijua cherehani zote nane kwa tabia zao. Akasema walishakubaliana miezi miwili iliyopita, alitaka tu kulisema mbele ya familia ikiwa imetulia.

Wa kwanza kupiga makofi: Mizani. Akasema afadhali, maana yeye alikuwa anaogopa asije akapewa, sindano inamtoa jasho. Nikamtazama usoni, nikatafuta. Sikuona kitu. Amebobea.

Mstaafu wa posta akaniuliza kwani nilikuwa mgombea? Nikasema hapana.

Kisha mama mkwe akasema kuhusu mkataji, hilo ni la mwenye duka mpya, yeye haingilii. Meza nzima ikatazama sahani. Mkasi wangu! Hata mkasi! Mke wangu akanitoa nje, tukasimama karibu na kamba ya nguo. Hakucheka. Akasema mkono wangu anauhitaji, lakini anayemhitaji zaidi ni mtu atakayemuuliza asipojua. Kwamba hataki tena kuoa mlinzi wa mapazia. Alimaanisha "kuolewa na", lakini alikuwa amekasirika. Akataka ahadi.

Nikampa. Kwa moyo wote. Nikamwambia kuanzia kesho, neno lolote, alama yoyote, nitauliza. Akaniamini. Akanishika mkono njia nzima mpaka barabarani, na sanduku akalivuta yeye.

Jumatatu, 19 Agosti

Dukani. Siku ya kwanza chini ya uongozi mpya. Nimekata nimesimama.

Kazi: makoti ya shule moja kubwa, mikono themanini na minne. Kitambaa kipya, kina upande wa nje na wa ndani, hakikunjwi. Kinatandazwa kimoja kimoja. Mke wangu alikuwa ameshagawa kitambaa kwa chaki kabla sijafika, kila mkono na eneo lake. Nikakuta nusu ya maeneo ina alama ya msalaba. Nusu haina.

Msalaba wa nini?

Mke wangu alikuwa hatua nne tu kutoka kwangu, anashona vifungo. Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua. Lakini wakati huohuo mama mmoja, mtoboa matundu ya vifungo, akamwinamia, akamnong'oneza, wakacheka wote wawili, na mke wangu akanitazama. Akaniuliza kama kuna chochote. Kwa utamu kabisa. Mtu anayekuuliza kwa utamu hivyo anajua hujui.

Nikasema hakuna. Nikaifuta misalaba yote, isije ikanichanganya, nikaweka kielelezo cha karatasi vilevile kila mahali, nikakata kwa uzoefu.

Saa kumi ameitandaza mikono yote mezani. Anasema msalaba ulikuwa wa kugeuza kielelezo, utoke mkono wa kulia. Anasema nimekata mikono themanini na minne ya kushoto.

Hayo ni maneno yake. Mimi nimeshaanza kuchunguza nani kaificha ya kulia.